Iqama yako Saudia inakaribia kuisha: mwongozo kamili wa kuihuisha kabla hujakwama

Wengi wanaokwama na iqama, yaani kibali cha ukaazi, huko Saudia hawakukosea kujaza fomu, kwa sababu hakuna fomu wanayojaza. Iqama ya mfanyakazi huhuishwa na mwajiri wake, yaani kafili, kupitia akaunti yake ya serikali. Lakini siku ikiisha, anayezuiwa benki ni wewe, anayekatiwa laini ni wewe, na anayeshushwa kwenye teksi pale kituo cha ukaguzi ni wewe.

Kwa hiyo kazi yako ni kufuatilia. Ujue tarehe, uondoe vizuizi mapema, umkumbushe kafili kwa njia inayoacha ushahidi, uhakikishe kwa macho yako kwamba imehuishwa, na ujue pa kwenda akigoma. Nimewaandikia hasa dada zetu wa kazi za nyumbani na madereva wa familia, maana hao ndio wanaoumia zaidi. Walioajiriwa na kampuni wana sehemu yao huko chini.

## Kusanya hivi kwanza

- Namba ya iqama. Ina tarakimu 10 na huanza na 2. Ikariri kama jina lako, kwa sababu kadi ikipotea namba ndiyo inayokutambulisha.
- Pasipoti. Sheria inataka ikae kwako. Mwajiri haruhusiwi kuizuia. Kama ameishika na huwezi kuidai leo, basi uwe na picha safi ya ukurasa wenye jina, namba na tarehe ya kuisha.
- Laini ya simu iliyosajiliwa kwa iqama yako mwenyewe.
- Akaunti ya Absher, mtandao wa Wizara ya Mambo ya Ndani.
- Nakala ya mkataba wako: wa Musaned, mtandao wa serikali wa wafanyakazi wa nyumbani, kama unafanya kazi nyumbani kwa mtu; wa Qiwa, mtandao wa serikali wa ajira za kampuni, kama uko kampuni.
- Mtu mmoja nyumbani, Mombasa, Tanga, Kampala au popote, ambaye utamtumia nakala za vyote hivi. Simu huibiwa, huvunjika, na wakati mwingine hunyang'anywa.

Hiyo laini ndiyo inayowakwamisha wengi. Ukipewa laini iliyosajiliwa kwa jina la mwajiri au la rafiki, hutaweza kuitumia kufungulia Absher. Nunua yako dukani kwa alama ya kidole. Kisha jisajili kwenye Absher na uithibitishe akaunti kwa vidole kwenye mashine za huduma zilizowekwa kwenye maduka makubwa na ofisi za Jawazat, idara ya pasipoti na uhamiaji. Tumia siku yako ya mapumziko. Kanuni za kazi za nyumbani zinakupa saa 24 za kupumzika kila wiki.

## Hatua ya 1: Jua tarehe ya kweli

Usiitegemee kadi. Kadi za siku hizi hutengenezwa za kukaa miaka mitano, ilhali ukaazi wenyewe huongezwa kidogo kidogo kwenye mtandao, mara nyingi mwaka mmoja mmoja. Unaweza kushika kadi inayong'aa huku iqama imekwisha mwezi mzima.

Ingia Absher uangalie taarifa za iqama yako. Programu ya Tawakkalna nayo huonyesha iqama ya kidijitali. Ukiona neno sariya, iko hai. Ukiona muntahiya, imekwisha.

Sasa kuwa makini na kalenda. Baadhi ya tarehe za serikali bado huandikwa kwa Hijria, na mwaka wa Hijria una siku 354 au 355. Iqama iliyoanza 15 Rajabu 1447, siku za mwanzo za Januari 2026, inafika 15 Rajabu 1448 kabla Desemba 2026 haijakwisha. Anayehesabu Januari hadi Januari anatembea na iqama iliyokufa zaidi ya wiki nzima bila kujua. Pia ukiona mwezi wa 10 kwenye tarehe ya Hijria usiusome Oktoba: huo ni Shawwal, Mfungo Mosi.

Andika tarehe mbili mahali utakapoziona kila siku: siku ya kuisha kwa kalenda ya Miladia, na siku 90 kabla ya hapo. Hiyo ya pili ndiyo siku yako ya kuanza.

Umefaulu hatua hii ukiwa na picha ya skrini inayoonyesha namba yako na tarehe ya kuisha. Kama huna Absher kabisa, mwombe kafili akutumie picha kutoka akaunti yake. Kwake ni kazi ya dakika moja.

## Hatua ya 2: Pasipoti iwe hai

Iqama haihuishwi juu ya pasipoti iliyokwisha. Hapa ndipo hata kafili mwema anapogonga ukuta: amelipa, amebonyeza, na mfumo unamkatalia.

Pasipoti ikiwa imebakiza chini ya miezi sita, ishughulikie kwanza. Balozi za Kenya, Tanzania na Uganda ziko Riyadh, na maombi mengi hupitia idara ya uhamiaji ya nyumbani, kwa hiyo usitarajie kuipata wiki hiyo hiyo. Kutoka Jeddah hadi Riyadh ni karibu kilomita 950. Kabla hujaomba ruhusa na kukata tiketi ya basi, piga simu ubalozini uulize mambo matatu: nyaraka gani unahitaji, malipo hufanywa vipi, na kama kuna siku maafisa wanakuja kutoa huduma mjini kwako.

Pasipoti mpya ikifika bado hujamaliza. Kafili lazima aingize namba mpya kwenye mfumo. Huduma hiyo iko kwenye Absher yake na huitwa kuhamisha taarifa, naql al-ma'lumat. Asipofanya hivyo, serikali inaendelea kuiona pasipoti ya zamani. Tunza zote mbili, ya zamani na mpya.

## Hatua ya 3: Ondoa vizuizi vilivyojificha

Faini za barabarani. Dereva wa familia mwenye faini isiyolipwa hahuishiwi iqama. Ziko kwenye Absher yako, zitazame. Kama gari lilinaswa na kamera ukiwa umetumwa na mwajiri, zungumzeni mapema nani analipa, msingoje wiki ya mwisho.

Alama za vidole. Kama hukuchukuliwa vidole vyote ulipoingia, au usajili una kasoro, itabidi uende Jawazat.

Ripoti ya utoro. Hii ndiyo ile huroob. Mwajiri akikuripoti kwamba umeacha kazi na kutoweka, iqama yako imefungwa hata kama tarehe haijafika. Angalia hali yako kwenye Absher. Ukikuta umeandikiwa utoro na wewe umelala nyumbani kwake kila siku, piga simu siku hiyo hiyo 19911, namba ya Wizara ya Rasilimali Watu, na uwaarifu watu wa ubalozi. Kila siku inayopita inafanya iwe vigumu zaidi kuonyesha kwamba ripoti ni ya uongo.

## Hatua ya 4: Amua kama unataka kubaki

Watu huiruka hatua hii kisha wanalia. Mkataba wa kazi za nyumbani kwa kawaida ni miaka miwili. Ukikaribia mwisho wake, kafili anaweza kuhuisha iqama bila kukuuliza, halafu ukisema unataka kurudi nyumbani anakujibu kwamba amekwisha kukulipia mwaka mwingine, ukae.

Kama unataka kuondoka, sema siku ile ya 90, kwa maandishi, kwamba unaomba khuruj nihai, visa ya kutoka kabisa. Visa hiyo inahitaji pasipoti yenye angalau siku 60 mbele yake. Kama unataka likizo kisha urudi, visa ya kwenda na kurudi inahitaji pasipoti yenye angalau siku 90.

Kama unabaki, huu ndio wakati wako wa kuzungumza mshahara na likizo. Iqama ikishahuishwa, nguvu yako ya kujadiliana imepungua sana.

## Hatua ya 5: Mkumbushe kafili, na uache alama

Maneno ya mdomo jikoni hayatoshi. Yeye atasahau, na wewe hutakuwa na cha kuonyesha. Tuma ujumbe wa WhatsApp, mfupi, wenye heshima, wenye tarehe. Kiarabu hiki cha kawaida kinatosha:

*Mama, iqama tintahi 15 Rajab. Mumkin tajdid?*

Yaani iqama inaisha tarehe 15 Rajabu, inawezekana kuihuisha? Ambatanisha ile picha ya skrini ya Hatua ya 1. Akijibu kwa sauti, usiifute. Akikujibu inshallah bila kutaja siku, usikasirike. Ngoja wiki moja urudie.

Tuma siku 90 kabla, siku 30 kabla, siku 14 kabla, kisha wiki ya mwisho. Chagua saa nzuri. Usimshike madam akiwa na wageni sebuleni wala akiwa anatoka. Kama anayeshughulikia Absher ni baba mwenye nyumba au mtoto wao mkubwa, mwombe madam amfikishie huyo, maana ujumbe ukiishia kwa asiye na akaunti umepotea.

Kumbuka wiki ya serikali huko ni Jumapili hadi Alhamisi. Iqama inayoisha katikati ya Idi au siku za Hija imalizwe kabla. Absher hufanya kazi usiku na mchana, lakini kukitokea hitilafu inayohitaji afisa, ofisi zimefungwa.

Kuna hoja moja inayowaingia waajiri wengi. Tangu Januari 2026, mishahara ya wafanyakazi wa nyumbani inatakiwa kupitia benki au pochi za simu zilizoidhinishwa. Iqama ikiisha, akaunti yako hufungiwa. Mwajiri anayetaka kulipa kihalali hawezi kukulipa bila iqama hai. Mweleze hivyo kwa upole.

## Hatua ya 6: Malipo, na nani anayalipa

Ada ya iqama ya mfanyakazi wa nyumbani ni riali 600 kwa mwaka. Inalipwa na mwajiri. Iqama, kibali cha kazi, na faini ya kuchelewa, vyote ni juu yake. Ukiambiwa "nitakukata mshahara, iqama ni ghali," hiyo ni kinyume cha kanuni. Mshahara ukikatwa, hifadhi taarifa ya pochi au benki ya mwezi huo, inaonyesha kiasi kilichoingia.

Kuna gharama nyingine ambayo hutaambiwa. Mwajiri Msaudi mwenye wafanyakazi wa nyumbani zaidi ya wanne hulipa riali 9,600 kwa mwaka kwa kila aliyezidi. Mgeni mkaazi hulipa hivyo akizidisha wawili. Kama wewe ni wa tano kwenye nyumba kubwa, hapo huenda ndipo penye sababu ya kafili kuvuta miguu. Haikuhusu kuilipa, ila ni vizuri ujue kinachomzuia ili usije ukadhani ni chuki.

Sasa ushike hili vizuri: kulipa si kuhuisha. Kafili hulipa kwanza kupitia benki kwa mfumo wa SADAD, kisha anatakiwa arudi Absher, afungue huduma za wafanyakazi, achague jina lako na kuthibitisha tajdid. Wapo wanaolipa na kuamini wamemaliza, pesa zikabaki zimekaa kwenye mfumo na iqama ikafa. Ukiambiwa "nimelipa," jibu shukran, kisha nenda Hatua ya 7.

Akichelewa, faini ya mara ya kwanza ni riali 500 na ya pili 1,000, ikianza kuhesabiwa baada ya siku tatu tangu kuisha. Mara ya tatu adhabu ni kurudishwa kwenu.

## Hatua ya 7: Thibitisha kwa macho yako

Fungua Absher au Tawakkalna. Tarehe ya kuisha iwe imesogea mbele. Hali iwe sariya. Jina na namba ya pasipoti viwe sawasawa na pasipoti uliyonayo sasa. Herufi moja ikikosewa leo, itakusumbua uwanja wa ndege.

Piga picha ya skrini, itume nyumbani. Kisha jaribu pochi yako ya simu na laini. Benki nyingine hazisasishi zenyewe, itabidi uingie kwenye programu yao na kuthibitisha iqama mpya. Usitarajie kadi mpya ya plastiki, ile ya zamani inaendelea kutumika hadi muda wake wa miaka mitano umalizike.

## Kwa walioajiriwa na kampuni

Kampuni hupitia milango mitatu: kibali cha kazi kwenye Qiwa, bima ya afya, kisha iqama. Ada ya iqama ni riali 650 kwa mwaka, na juu yake kuna tozo ya kibali, kwa kawaida riali 700 au 800 kwa mwezi kutegemea idadi ya Wasaudi kazini. Ni fedha nyingi, na kampuni zilizoyumba huanza kuhuisha kwa miezi mitatu mitatu, jambo linaloruhusiwa. Kwa hiyo wewe angalia tarehe kila robo mwaka.

Ingia Qiwa kwa jina lako kupitia Nafath, programu ya serikali ya kuthibitisha utambulisho. Ukiletewa mkataba mpya, usome kabla ya kukubali: cheo, mshahara wa msingi, tarehe ya mwisho. Mkataba wa mgeni lazima uwe wa maandishi na wa muda maalumu.

## Kafili akigoma au akipotea

Kwa wa kampuni, tangu Machi 2021 kibali au iqama ikiisha bila kuhuishwa unaweza kuhamia kwa mwajiri mwingine bila idhini ya huyu wa sasa. Mwajiri mpya hutuma ombi kwenye Qiwa nawe unalikubali. Mkiwa na madai ya mshahara, malalamiko huanzia kwenye usuluhishi wa wizara, ambao una siku 21, kisha mahakama ya kazi.

Kwa wa nyumbani mageuzi hayo hayakuwagusa, ila mna kanuni zenu. Kafili asipohuisha iqama ndani ya siku 30 baada ya kuisha, hiyo ni mojawapo ya sababu zinazoruhusu uhamishwe bila ridhaa yake. Kutolipwa miezi mitatu ni sababu nyingine, na kupelekwa kufanya kazi nyumba za watu wengine ni nyingine tena. Piga 19911 au peleka malalamiko kupitia Musaned. Hapo ndipo picha za skrini na jumbe za WhatsApp zinapogeuka kuwa kesi yako. Mjulishe pia wakala aliyekupeleka, kwa maandishi.

Nakusihi, usiondoke nyumbani kwake kwa sababu ya iqama pekee. Ukitoka bila taarifa unampa nafasi ya kukuandikia utoro, na kosa lake linageuka lako. Lakini kama unapigwa, unanyimwa chakula au unaguswa, hiyo si habari ya iqama tena: toka uende polisi au ubalozini, na karatasi zifuate baadaye.

## Wanaouza iqama

Utakutana nao kwenye makundi ya WhatsApp na mitaani. Watakuahidi iqama ya kafili wa jina tu, ulipe riali elfu kadhaa kisha ujitafutie kazi unapotaka. Wakenya wanaoishi hivyo, makemboi, wanajua mwisho wake: huyo kafili wa karatasi hudai fedha zaidi kila mwaka, na siku ukikosa anakuripoti. Kumfanyia kazi mtu ambaye si mwajiri wako ni kosa hata kama iqama yako iko hai. Wizara ya Mambo ya Ndani hutangaza kila wiki maelfu ya waliokamatwa kwa makosa ya ukaazi, kazi na mipaka.

Na usimpe mtu yeyote namba ya siri inayotumwa kwenye simu yako na Absher, wala usikubali ombi la Nafath ambalo hukulianzisha. Anayeipata anaweza kufungua mkopo, laini au kuhamisha taarifa kwa jina lako.

## Iqama ikiisha ukiwa likizo nyumbani

Kafili anaweza kuihuisha iqama na kuongeza muda wa visa yako ya kurudi ukiwa bado nje, kupitia Absher yake. Mwombe kabla visa haijaisha, na mtumie tarehe mpya unayotaka kurudi. Kisha tazama mwenyewe kwenye ukurasa wa Muqeem wa kuangalia uhalali wa visa, ambao unaufungua ukiwa popote kwa namba ya iqama. Usikate tiketi wala kufunga safari kwenda Nairobi, Dar au Entebbe mpaka ukurasa huo ukuonyeshe tarehe iliyosogea, kwa maana shirika la ndege huangalia hiyo hiyo kabla ya kukupandisha.